Shibiri ya Mama

Mama alishona mfarishi mmoja tu maishani mwake, nilipokuwa mchanga, ili nijifunike. Ulikuwa wa vipande ishirini vya leso kuukuu, vinne kwa upana na vitano kwa urefu, rangi mbili zikipokezana, na shuka ya zamani chini yake. Kila kipande kilikatwa shibiri moja kila upande. Mama hakuwa na tepu. Alitandaza vidole juu ya kitambaa, akatia chaki, akakata.

Alipofariki, nguo zake zote zilitolewa sadaka isipokuwa doti tatu za leso. Hizo Baba alizishika mkononi na hakuna aliyethubutu kumwomba. Zilikaa sandukuni mwaka mzima. Baridi ya Juni ilipoanza akaniita chumbani kwake, mlango wa pili kutoka kwangu hapa mtaani Barani, akanikabidhi leso zote sita. Mfarishi wangu wa uchanga ulikuwa umetandikwa kitandani kwake, upande wa mlangoni.

“Nishonee kama huu,” akasema, “lakini uenee kitanda chote.”

Nikaitikia vizuri tu. Nilipofika kwangu nikaanza kuogopa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikipika wali nafunua sufuria mara kumi, na wali wenyewe hauwi mzuri kwa ajili hiyo. Kwanza nilijiambia: upana mara mbili, urefu mara mbili, basi vipande pia mara mbili, arubaini. Nikapanga kunde sakafuni nihakikishe, nane kwa kumi. Zikatoka themanini! Nikahesabu upya, zikawa zile zile themanini. Na leso ni sita tu, mbili kati yake zimechakaa pale zinapokaliwa. Ningeweza kukata vipande vikubwa zaidi nipunguze kazi, lakini Baba alisema kama huu, na Baba hasemi mara mbili. Leso madukani zimejaa tele. Iliyofungwa kiunoni na Mama haiuzwi popote, na mkasi ukishapita haurudi nyuma.

Nikampigia simu dada yangu aliyeolewa Gongoni. Tukagawana, kila mmoja leso tatu, kila mmoja vipande arubaini.

“Shibiri moja kila upande,” nikamwambia, “kama alivyokuwa akikata Mama.”

“Mwenzangu, mimi si mtoto,” akanijibu. Kesho yake nikamtumia leso zake.

Mimi ni fundi. Nashona sare za shule, na tepu hainitoki shingoni. Hata siku ile ilikuwepo, inaning'inia. Lakini nilitaka kukata kama alivyokata yeye, kwa kiganja, na nikaona kupima kwa tepu ni kama kumkosea adabu. Nikaondoa mapindo, ile mipaka myeusi ya leso, nikayatia kwenye mfuko wa vitambaa, nikaanza. Nilipofika kwenye maandishi ya leso nikayasoma kwanza, kisha nikapitisha mkasi katikati. Nilipomaliza nikaona yamebaki masalio marefu pembeni, nikajisifu kwa kubana matumizi. Dada akanitumia picha ya vipande vyake kwa simu. Vilifanana na vyangu kabisa.

Jumamosi akaja navyo. Nikashona safu ya kwanza, changu, chake, changu, chake. Pembe hazikukutana. Nikafumua, nikavuta, nikashona tena. Nikailaumu cherehani, nikailaumu sindano. Dada alinyanyua mkono wake akaubandika juu ya wangu, kiganja kwa kiganja, na vidole vyake vikanipita.

Baba alikuwa msikitini, nikauleta mfarishi wa zamani kutoka chumbani kwake, tukapima. Kipande cha dada kilizidi kile cha Mama kwa nafasi ya mshono tu, kama inavyotakiwa. Changu kilitoshana na cha Mama, hakikubakisha hata pa kupitisha uzi. Mkono wa Mama alikuwa nao dada. Niliona wivu, nasema kweli, kabla hata ya kuona aibu. Kisha aibu ikaja yote: vipande arubaini nimevipunja mimi, fundi, na tepu shingoni. Tukivipunguza vyake vilingane na vyangu, mfarishi hautaenea kitanda.

“Usimwambie,” dada akaninong'oneza.

Baba aliingia baada ya sala ya alasiri. Tukamwamkia shikamoo huku tumekalia vipande kama kuku juu ya mayai. Akajibu marahaba, akainama, akavuta kimoja, akakitazama.

“Hiki cha nani?”

“Changu, Baba. Nimeviharibu vyote arubaini, ni vidogo.” Nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Akakigeuzageuza. “Na mapindo mmeyatupa?”

“Yapo mfukoni.”

“Gauni lenu likiwa fupi, mamenu alikuwa hawanunulii jingine. Alitia pindo. Basi wewe walilia nini?”

Tukakata mapindo utepe utepe, tukaongeza pande mbili za kila kipande changu. Safari hii nilipima kwa tepu. Siku nne tulishona kwa zamu. Vyangu vikatoka na mistari myeusi ubavuni, vya dada vitupu, na yeyote anayeutazama anajua kipi kimekatwa na nani. Pembe zilikutana. Hata hivyo nilipompelekea moyo haukutulia. Niliogopa ataona mistari tu.

Asubuhi yake nikampelekea chai na mahamri. Alikuwa ameketi kitandani upande wa ukutani, anapolala siku zote, mfarishi umemfika magotini. Upande wa mlangoni, alikokuwa akilala Mama, ulikuwa umetandazwa hadi ukingoni, umenyooshwa kwa mkono.

“Baridi imekwisha, Baba?”

“Umeenea,” akasema. “Ule mdogo ulikuwa wamtosha yeye tu.”