Ugali wa Wimbi Ambao Sikuuonja

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo ni ile Alhamisi ambayo jirani yangu Bi Zuhura alimega tonge la ugali wangu wa wimbi, yaani ulezi, akalitafuna mara mbili, kisha akaacha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nangoja sifa. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitano, mzaliwa wa mtaa wa Maringo, mtoto wa mjini hasa, na sifa nilizipenda kuliko chakula.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mume wangu Barasa alikuwa mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa kiwandani, na tulipanga chumba kimoja hapa Makadara. Baba yake alitoka nyumbani kuja kutibiwa macho. Huko hospitalini aliambiwa akae mwezi mzima akitiwa dawa, kisha apasuliwe. Sasa, kwa desturi ya kwao, baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo mzee alipewa malazi kwa binamu ya Barasa, mlango wa nne kutoka kwetu, nami kazi yangu ikawa kupeleka sinia lililofunikwa, kuliweka kizingitini, kusalimu nikiwa nimeinamisha macho, na kurudi. Baadaye nachukua vyombo.

Barasa aliniambia jambo moja tu: baba hushiba ugali wa wimbi, ule mweupe kwake ni kama kula hewa. Nilicheka kimoyomoyo. Sisi wa mtaa tulikula unga wa paketi, mweupe kama pamba, na wimbi tulimwachia mtoto anayeachishwa ziwa. Lakini nilijitia ujuzi. Kumuuliza mtu namna ya kuupika niliona ni kujivunjia hadhi. Nikanunua wimbi sokoni, nikapeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, nikasonga. Wa mzee mweusi, wetu mweupe. Sikuuonja hata siku moja. Nilikuwa nampikia mtu chakula ambacho mwenyewe nilikiona hakinifai, na bado nikitaka anishukuru.

Sahani zilirudi nusu. Wiki ya kwanza nikasema ni uchovu wa safari. Wiki ya pili nikaenda Soko la Burma, nikachagua nyama nzuri, nikaikaanga vizuri. Ugali ulirudi vilevile. Kisha mzee akatuma ombi kupitia kwa Barasa: anaomba mrenda, mrenda tu, kila siku. Kama huujui, mrenda ni mboga inayoteleza, tonge likichovywa humo hushuka lenyewe kooni. Mimi nikalichukua ombi lile kuwa dharau. Nikajiambia mzee huyu hanitaki, alitamani mwanawe aoe kwao. Nikanuna, nikawa naliweka sinia kwa kishindo. Kiburi si maungwana, lakini nani angeniambia neno, nami nilijiona nimefika?

Jumatano ya wiki ya tatu Barasa alirudi kazini akiwa ameinama. Baba yake amesema Jumamosi anarudi nyumbani. Macho hayajapasuliwa, mwezi haujaisha, na sababu hatoi ila kwamba amepakumbuka kwake. Na kweli mzee alikuwa amekonda. Barasa hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa upole kama kuna neno kati yangu na baba yake. Swali lile liliniuma kuliko kofi. Mzee akiondoka na macho yale, ataingia gizani moja kwa moja, na kila mtu kwao atajua ni jiko la nani lililomfukuza.

Ndiyo maana Alhamisi nilimwita Bi Zuhura. Alikuwa mjane, watu wake walitoka Mombasa zamani, na kila Ramadhani uji wake ulizunguka vyumba vyote vya ploti yetu, kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Nilitaka awe shahidi wangu kwamba chakula changu hakina kasoro. Nikamfunulia sahani iliyorudi, akamega, akatafuna mara mbili, akaacha. Kisha akatema kiganjani, akanionyesha punje za mchanga.

"Mwanangu, umemlisha mzee wa watu mchanga wiki tatu," akasema. "Onja."

Nikaonja. Meno yalilia kama mtu anayekanyaga kokoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamuuliza mbona mzee hakusema.

"Aseme vipi, na wewe ni mkwewe? Kwao, kulalamikia chakula cha mke wa mwanawe ni aibu kuliko njaa. Ameona heri arudi na upofu wake kuliko kukuaibisha."

Mwanangu, sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo.

Bi Zuhura hakuniacha na kilio. Alikunja mikono ya dera lake, akaniambia nilete wimbi lote lililobaki. Wimbi hupurwa chini, kwenye udongo, akanieleza, na punje zake ni ndogo sawa na mchanga. Kwa macho huwezi kuvitenganisha, maji ndiyo yanayovitenganisha. Kwanza tukapepeta kwa ungo. Kisha unatia kwenye sufuria, unajaza maji, unatikisa kwa kuzungusha, unamimina polepole kwenye chombo kingine. Wimbi huenda na maji, mchanga hubaki chini. Unarudia. Tulirudia mara saba, mgongo ukiniuma, na kila nikisema inatosha ananionyesha kilichobaki chini ya sufuria. Ijumaa tukaanika juu ya leso, nikakaa kutwa nzima nikifukuza shomoro. Jumamosi alfajiri nikawa wa kwanza kwenye mashine.

Siku hiyo nilisonga ugali mmoja tu, wa mzee na wetu. Nikauonja kabla ya mtu yeyote. Ulikuwa mtamu, mwanangu, una harufu ya nafaka iliyoiva juani, na shibe yake haina haraka ya kuondoka. Nikapakua na nyama. Mrenda sikupika, sasa nilijua aliuomba wa nini.

Mfuko wa mzee ulikuwa tayari mlangoni na Barasa amevaa viatu amsindikize kituoni. Nikaweka sinia kizingitini, nikarudi kwangu, nikakaa bila kufanya lolote. Nilipoenda kuchukua vyombo, sahani ilikuwa tupu. Mzee alikuwa amesimama ndani, amenipa mgongo kwa heshima.

"Mama," akasema, na hakuwa amewahi kuniambia neno zaidi ya salamu, "leo nimetafuna."

Nililia palepale, sikujificha. Barasa aliuchukua mfuko akaurudisha ndani. Mzee alikaa hadi akapasuliwa macho, na wajukuu wake watatu aliwaona kwa macho yake mwenyewe.

Leo najivuna, na haya sioni. Kila asubuhi nauza uji na unga wa wimbi kando ya Barabara ya Jogoo, na unga wangu unafuatwa na watu wa hadi Dandora. Ubao sijawahi kutundika, chema chajiuza. Vijana wa mjengo, wale wa kazi za ujenzi, huniita nyanya kwa lugha yao: "Shosh, nipimie ile nzito, hiyo ndio hunibeba mpaka saa tisa." Kule kliniki kina mama wanaambiwa wimbi ni zuri kwa damu na mifupa, nami naitikia kwa kichwa kama mtu anayelisikia leo. Unga mweupe siuchukii. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi shika haya, mwanangu. Chakula cha wazee wako usikionee aibu kwa sababu ya rangi yake, kipike na ukile, kiwe cha kila siku mezani kwako. Usilolijua uliza, mficha uchi hazai. Na usimpe mtu kitu ambacho ulimi wako umekikataa, hata kama yeye hatasema. Hasa kama hatasema.

Mungu akubariki, akupe mifupa yenye nguvu na mikono isiyochoka. Na kila atakayekula kutoka mikononi mwako ashibe, asiwe na haja ya kukunyamazia.