Fundi Makochi na Sindano ya Mgongo

Mdogo wangu ni fundi makochi. Mtaani wanamwita Sponji, maana hata umkalie vipi, atainuka na utani. Mwaka juzi alikatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya saratani. Kidonda kikapona, akarudi kwenye karakana yake, tukamshukuru Mungu.

Kisha kikaanza kichwa. Asubuhi kinamgonga, anatapika hata kabla hajala. Siku moja alipigilia kitambaa cha mteja kikaenda upande kama kofia ya mlevi. Wifi yangu akamwambia, "Baba watoto, macho hayo, kanunue miwani."

"Miwani ya nini? Mbona nakuona wawili, na wote mnanigombeza!"

Tulicheka, lakini kesho yake tukampeleka hospitali. Daktari, binti mpole, hakuzungukazunguka. Alisema saratani ya tumbo huweza kutembea ikafika kwenye utando unaofunika ubongo. Picha ya kichwa haikutoa jibu, hivyo wachukue maji kidogo mgongoni kwa sindano.

Baba mdogo aliposikia alisimama. "Haiwezekani! Mtu akitolewa maji ya mgongo hainuki tena. Mtamlemaza!"

Baba mdogo ndiye aliyetulea, namheshimu. Nikamwambia taratibu, "Baba, tumwachie mwenye mgongo."

Sponji akamgeukia daktari. "Kinachouma ni kichwa, mbona mnachoma chini?"

"Maji yanayozunguka ubongo ndiyo hayo hayo yanayoshuka mgongoni. Na pale tunapochoma, uti wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, umeshaishia juu yake, hatuugusi."

Akafikiri. "Basi ni kama kochi. Kilichooza ndani hukitafuti kwa kupasua kitambaa cha mbele. Unaligeuza, unafungua chini. Haya, nigeuzeni."

"Huogopi, mwanangu?" baba mdogo akauliza.

"Naogopa, baba. Lakini nataka nijue nina nini, niwaambie wanangu mwenyewe wakati kichwa bado ni changu. Njoo unishike miguu."

Akaenda akamshika. Mimi nilibaki mlangoni nikiomba, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa. Baada ya sindano walimlaza hadi jioni, kisha akainuka kwenda msalani kwa miguu yake. Baba mdogo akamfuata nyuma ametanua mikono kama anayeswaga kuku.

Majibu yalikuja: chembe za saratani zilikuwemo. Daktari alisema wazi kwamba haitaisha, ila dawa wataipitisha hapo hapo mgongoni, kichwa kitulie, apate muda. Kimetulia kweli. Mungu anajua kazi yake.

Juzi Sponji aliwaita wanawe sebuleni. Wifi alitaka niwaambie mimi, Sponji akakataa: "Ugonjwa wangu, watoto wangu." Akawaeleza yote, neno kwa neno, bila kusitasita. Binti yake mkubwa akainuka akalilie nje.

"Kaa, mama," akamwambia. "Lia hapa hapa, nikusikie."