Saluki na Udongo wa Mrehani

"Huyu si mbwa," mume wangu alisema, theluji ikimyeyukia kofiani. "Huyu ni saluki."

Mimi niliona mbwa. Mrefu, mbavu nje, masikio yana nywele kama za msichana. Mume wangu alikuwa amepewa na mama mmoja wa Kizungu kule Oakdale, aliyefuga kadhaa na sasa alitaka kuwapunguza. Akamwambia ni mbegu adimu, na mume wangu hasikii neno adimu akatulia. Eti saluki si najisi kama mbwa wengine; babu zake waliwinda paa kwa saluki huko Uarabuni na kulala naye hemani. Babu yake ninayemjua mimi aliuza vitambaa Mombasa.

Mbwa mwenyewe ningemvumilia. Nilichohofia ni wenzangu. Miaka ile ya tisini wanawake wa pwani tuliojuana hapa Saint Paul, Marekani, tulikuwa wachache, tukipikiana Jumamosi kwa zamu, na bila Jumamosi hizo ningerukwa na akili. Wakijua nyumbani kwangu mna mbwa, nani angetia mkono kwenye sinia yangu?

"Basi mpeleke akawinde," nilimwambia. Nyuma ya fleti yetu pale Frogtown sungura walikuwa tele. Mwindaji akatoa pua mlangoni, akaonja baridi, akarudi kulala kwenye sofa.

Jumamosi ya zamu yangu nikamkuta kaingiza kichwa kizima ndani ya sufuria ya masala ya biriani. Masala nikayamwaga. Lakini chombo alicholamba mbwa kwetu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo! Januari, Minnesota! Nilitoka nje na mwiko nikachimba ardhi iliyoganda mpaka mwiko ukavunjika. Udongo laini ulikuwa mmoja tu, wa kopo la mrehani wangu dirishani, niliouotesha kwa mbegu alizonipa mama siku ya safari. Kila mgeni wangu alipoaga nilimkatia kitawi cha kunukia. Nikaung'oa huku nalia kwa hasira, nikasugua sufuria, nikapika upya.

Mume wangu akatoka chumbani na kanzu nyeupe, anakwenda kusalisha wanafunzi chuoni. Saluki akamkimbilia, akamfutia mdomo uliojaa masala pale kifuani.

"Ya Rabi! Kanzu yangu!" Akaivua mbio. "Udongo uko wapi?"

"Wa nini?" nikamuuliza. "Si saluki huyo?"

Akaliona kopo tupu, na mrehani umelala kando ya sinki. "Hukubakisha hata kidogo?"

Sikubakisha.

Wageni walipoingia, saluki alikuwa njiani kurudi Oakdale na nyumba ilikuwa imedekiwa hadi kuta. Walikula wakashiba, wakanisifu. Wakati wa kuaga, mkubwa wao akaangalia dirishani.

"Mwanangu, na mrehani wako?"

"Umekufa, mama," nikasema. "Baridi."

"Pole," akanikumbatia. "Nchi hii haina huruma."