Leso za Bi Rukia Mlangoni

Nimeshona viti vya magari hapa Malindi miaka mingi, lakini wiki hii nimejiaibisha. Mzee Athmani aliniletea gari lake la milango miwili, linalonizidi umri, nibadilishe vitambaa vya milangoni. "Kitambaa kimo humo garini," akasema, akaondoka.

Kitini nikakuta doti ya leso mpya. Leso mbili, milango miwili! Nikamsifu mzee kwa kupima vizuri, nikakata, nikabandika kwa gamu.

Jioni akaja mkewe, Bi Rukia, aliyenifundisha Kurani utotoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamfungulia mlango kwa mbwembwe. Akaupapasa.

"Mwanangu," akasema, akibana kicheko, "kitambaa cha mzee kimo kwenye buti. Sasa kesho harusini nijitande mlango?"