Mpira Ulioligusa Gongo

Juzi, ndani ya basi la Alexandria, nilikaa nyuma ya wafanyakazi wawili wa hoteli waliokuwa bado na sare zao. Mwanamume, Mkenya wa Pwani mwenye mvi, alikuwa akisimulia miaka tisa aliyoichezea timu ya kriketi ya mkoa. Dada wa Kitanzania aliyekaa naye akamuuliza mbona hakufika timu ya taifa.

"Siku ya kuchaguliwa, mpira uliligusa gongo langu la kupigia kidogo tu, ukadakwa. Ukidakwa hivyo, umetoka. Lakini refa hakusikia, akaniambia niendelee."

"Ukaendelea?"

"Hata! Nilivua glavu, nikatoka."

"Jamani, kaka! Si refa hakusikia?"

Akajigusa kiganja kwa kidole kimoja, taratibu. "Mimi nilisikia hapa."

Hakusema kwa majuto wala kwa majivuno. Aligeuka tu, akatazama nje.

Mtu wa namna hii ni hatari kukaa naye karibu. Mkononi nilikuwa na tiketi iliyokwisha muda tangu asubuhi, na dereva hakuiangalia. Nikavuta kamba ya kengele, nikashuka vituo vinne kabla ya kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna refa aliyeniona.