Chaki Niliyoifuta Kilema

Haijanitoka akilini Jumamosi ile chama chetu cha kukereza mbao kilipopanda kutoka Shirimatunda hadi Kilema, kutembelea kiwanda cha kupasua magogo cha Mzee Ndesario na karakana yake ya bakuli. Mdogo wangu, kesho kutwa chaki utaishika wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya mbao, kwa hiyo nilipewa kazi ya kukagua gogo la mringaringa kwa kifaa cha kutambua chuma, kabla halijapasuliwa. Msumeno ukigonga chuma, meno hukatika na kuruka, na anayesimama mbele yake ni Mzee mwenyewe. Nililipima gogo pande zote, mara tatu (mimi hurudia hata hesabu iliyokwisha kukubali). Kifaa kilinyamaza. Nikaandika kwa chaki: SALAMA.

Mzee akawasha msumeno. Sakafu ikatetemeka hadi kwenye nyayo zangu. Akalisoma lile neno, kisha akanitazama.

"Mwenye mti umemuuliza?"

"Kifaa kimeshapima, Meku," nikamjibu, kama tunavyowaita wazee kwetu.

"Hicho kifaa chako kilikuwepo mti ulipokuwa mche?"

Wenzangu wakacheka. Mzee akazima msumeno. Bibi Aikande, ambaye gogo lilitoka kihambani kwake, shamba la nyumbani, alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi; nilimpa shikamoo, nikampita. Mzee akamwendea.

"Mama, mti huu uliwahi kufungiwa kitu?"

"Ng'ombe," akajibu papo hapo. "Marehemu mume wangu aligongelea pete ya chuma ya kumfungia, mwaka tuliooana. Mti ukaimeza. Huyu msomi hakuniuliza, nami nikasema labda mashine inajua."

Mzee akachukua shoka na patasi, akachimba pale bibi alipoonyesha. Kina cha kidole, hakuna kitu. Kina cha kiganja, patasi ikalia. Tukasogea. Pete nzima ilikuwa imelala ndani. Mti ulikuwa umepita katikati yake na kuizunguka, duara juu ya duara, umri mzima wa ndoa ile, na weusi wa chuma umeenea ndani ya mbao. Bibi akaigusa kwa ncha ya kidole, akatabasamu. Ndipo nilipoitazama mikono ya Mzee: vidole kumi, vyote.

Kilichoniumiza si kutokujua. Kijitabu cha kifaa kilieleza kwamba hakioni zaidi ya kina cha kidole. Nilikisoma. Nilijua.

Nikakata jani la isale mpakani mwa kiwanja, jani ambalo kwetu hutumika kuombea msamaha, nikampa Mzee kwa mikono miwili. Akalichomeka kwenye kofia yake.

"Sasa kafute," akasema. "Halafu msogezee mama kiti, akae karibu na gogo lake."

Basi, mdogo wangu, pima, tena upime vizuri. Lakini andika pale kipimo chako kilipoishia, usiandike unachotamani kiwe kweli. Na kabla chaki haijagusa gogo, kaa chini na aliyeishi na mti ule. Ukimkuta ameketi mlangoni, usimpite kwa shikamoo tu.

Mungu akutangulie huko juu, akuzeeshe na vidole vyako vyote kumi.