Foleni ya Shemeji

Nyumbani kwa Mkongwe, mdogo wa mkewe akija, kochi zuri ni lake na mnofu mkubwa ni wake. Hayo alishayazoea. Jina hilo la Mkongwe alipewa ofisini, kwa kuwa hakuna aliyemtangulia pale wanapotengeneza programu za zahanati. Yeye ndiye aliyemwombea shemeji kazi, na sasa shemeji huyohuyo anataka kumfunika!

Kisa kilikuwa Foleni, klasi, yaani kipande cha programu, inayotunza orodha ya wagonjwa wanaomsubiri daktari. Ya Mkongwe ilikuwa ya zamani, wazi kama soko: sehemu yoyote ya programu iliweza kuchukua orodha nzima na kumchomeka mtu mbele. Shemeji akaandika mpya. Anayeingia anakaa mwisho, anayeitwa ni wa kwanza, na orodha yenyewe huigusi.

"Safi sana hii," bosi alisema. "Mchana tutachagua moja."

Safi! Miaka yote hiyo Mkongwe hakuwahi kuambiwa safi. Asubuhi nzima aliichokonoa klasi ya mwenzake. Akajaza wagonjwa kibao, akaita kwenye foleni tupu, akamwingiza mtu mmoja mara mbili. Haikutetereka. Wivu ukampanda, akazidi kuchokonoa.

Mara akaona. Ukiomba kuwatazama waliomo, klasi haikukupa nakala, ilikupa orodha yenyewe, uifute utakavyo. Mlango wa mbele una komeo, wa nyuma uko wazi! Angeweza kumnong'oneza mwenzake arekebishe. Hakutaka. Alitaka aumbuke mbele za watu.

Mkutanoni akangoja sifa ziishe, kisha akaandika mstari mmoja tu. Foleni yote ikafutika kwenye skrini ya ukutani, watu wakitazama.

"Haya shem, wagonjwa wako wameenda wapi?"

Shemeji akashika kichwa. "Duh! Hapo tu ndipo ambapo sikuandika mwenyewe. Nimenakili kwenye ya kwako, shem. Nikasema, kama kaandika yeye, nikague nini tena?"

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Afadhali ingekuwepo.

"Basi rekebisheni hapo," bosi akasema, "tuchukue hii mpya."

Shemeji akavuta kiti karibu. "Nioneshe, shem. Wewe ndiye umeniokoa leo."

Mkongwe akamwonesha, macho kwenye skrini. Asubuhi alikuwa akiionea wivu kazi ya shemeji. Sasa alimwonea wivu shemeji mwenyewe, kwa moyo wake safi.